Fimbo ya Zamu

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka moja la Mlandege kumnunulia mama mkwe wangu mkongojo. Alikuwa ameteleza bafuni, goti likavimba, na daktari akasema asitembee tena bila kitu cha kuegemea. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Iringa, anayeongea Kihehe kunishinda mimi. Duka lake lina kila kitu, kuanzia misumari mpaka samli ya kupimiwa kwa kikombe. Aliniangalia juu ya miwani yake akauliza, "Mama, unataka ya kutembelea au ya heshima?"

Sikumwelewa. Akacheka, akaanza kunipangia mezani. Hii ndiyo wanayopenda wazee wa kanisa. Hii fupi yenye shaba kichwani, wanajeshi wastaafu huja kuiulizia. Hii ndefu ni ya kuchungia ng'ombe. Akaniambia siku chache nyuma aliona kwenye televisheni mzee mmoja wa visiwa vya Samoa, huko kwenye bahari ya mbali, amesimama mbele ya umati na fimbo iliyompita yeye mwenyewe kwa urefu, na mpaka amalize kusema na kuiondoa, hakuna mtu aliyefungua mdomo. "Mti tu," akasema, "lakini ona kazi zake."

Nikaichukua ile ya kuchungia niipime uzito. Nadhani kuna mtu aliishika akitoka kupima samli, maana ilinukia samli kuanzia juu mpaka katikati. Niliirudisha mezani kwa kishindo. Nikashika meza kwa mikono miwili, na yule mzee akatoka nyuma ya meza kuniletea kiti.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Soweto, Mbeya, nyumba ya vyumba vitatu yenye mparachichi uani. Baba alikuwa sajini meja jeshini. Alikuwa na kifimbo cha mti mweusi, kimefungwa shaba huku na huku, ambacho alikibana kwapani kila alipotoka kwenda kazini. Siku moja alinipeleka kambini, nikaona wanaume wenye mabega mapana kuliko yeye wakikauka kama nguzo alipopita. Walipiga miguu chini mpaka vumbi likaruka. Mimi sikuona kama wanampigia saluti baba. Baba nilimjua. Nyumbani alikaa na singlendi akilowesha miguu kwenye beseni, na mama alimwambia, "Baba Tumaini, hebu lete mkaa," naye akainuka kuleta mkaa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuogopwa. Basi nikajua kinachoogopwa ni kile kifimbo.

Shuleni ushahidi uliongezeka. Kila mwalimu alikuwa na bakora, na ya mwalimu mkuu ilikuwa ndefu kuliko zote. Kanisani alikuja askofu kuwapa kipaimara wasichana wakubwa, ameshika fimbo iliyopinda kichwani, na mchungaji wetu, mtu mkali wa kutisha, akainama mbele yake. Jumamosi moja baba alipolala mchana nilikichukua kifimbo, nikakibana kwapani, nikawaendea watoto wa jirani na kuwaamuru wasimame mstari. Wakasimama! Hata yule mkubwa wa darasa la tano alisimama. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Ukubwa umo ndani ya mti, na anayeushika ndiye mkubwa.

Nilikuwa na fikra hiyo kichwani mama alipolazwa. Mimba ilimsumbua, madaktari wakataka akae kitandani mpaka ajifungue. Baba asingeweza kazi na mimi kwa pamoja, kwa hiyo nilipelekwa Rujewa kwa babu na bibi, wazazi wake. Nilikaa huko msimu mzima wa kupanda mpunga.

Babu alikuwa mgawa maji. Mfereji mkubwa ulitoka kwenye banio, ukuta uliozuia mto huko juu, ukapita karibu na nyumba yake, na kutoka hapo ukagawanyika vijito vidogo kwenda kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Kila jaruba lilikuwa na zamu yake. Babu alikuwa na fimbo ndefu nyeusi, yenye alama zilizochongwa kwa kisu kuanzia chini, aliyoipaka samli kila Jumapili baada ya ibada. Asubuhi alikwenda mferejini, akaizamisha kwenye maji, akakaa kimya kidogo, kisha akaenda kuichomeka kwenye tuta la mtu ambaye ni zamu yake, akakaa kando yake mpaka aichomoe. Hapo ndipo mtu huyo alipofungua mdomo wa kijito chake. Fimbo ikisimama kwako, maji ni yako. Ikiondoka, unaziba. Niliona watu wazima wakigombana kwa matusi, Babu akafika, akachomeka fimbo, na ugomvi ukaisha hapo hapo. Nilimhurumia baba kidogo na kifimbo chake cha kuamrisha watu tu. Ya Babu iliamrisha maji.

Kulikuwa na mambo mengine pale nyumbani ambayo niliyaona kila siku bila kuyaelewa. Bibi alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa vigoda. Ukisogeza kigoda kutoka mahali pake alikufokea mpaka machozi yakutoke. Sahani ya Babu iliwekwa palepale, ugali upande huu, mboga upande ule. Mtu akipita njiani Babu alinyamaza, na mtu akikohoa au kusalimia "Kamwene", ndipo Babu alipomwita kwa jina. Mimi nilidhani wakubwa ndivyo walivyo, wanasubiri kusalimiwa kwanza. Nilipofika siku ya kwanza alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akapitisha vidole gumba kwenye nyusi zangu, pua na kidevu, taratibu sana. Nilijua ananipenda. Sikujua ananitazama.

Mwezi wangu wa pili huko mvua zilichelewa na maji yakapungua mferejini. Jaruba la Bibi lilikuwa mkiani mwa zamu. Miche aliyoipandikiza kwa mgongo unaomuuma ilianza kuwa ya njano, na ardhi ikapasuka. Jioni moja nilimsikia akimwambia Babu jikoni, "Nipe hata saa moja tu. Wewe si ndiye unayegawa?"

"Zamu yako bado siku nne, Mama Sajini," Babu akajibu. Alimwita hivyo tangu baba alipopanda cheo.

"Siku nne itakuwa imekufa."

"Nikikupa wewe leo, kesho nitamwambia nini Mama Subi? Zamu ni yake."

Bibi aliendelea kuosha vyungu huku machozi yakidondokea humo humo kwenye maji ya kuoshea. Sikuwahi kumwona akilia. Na jibu nilikuwa nalo, rahisi kabisa.

Asubuhi yake, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Babu alikwenda msalani nyuma ya nyumba. Kila mara aliiegemeza fimbo ukutani kando ya mlango, kisha akaenda kwa kushikilia ua wa minyaa. Hilo nalo nililiona kila siku. Niliichukua ile fimbo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea, na mikono yangu ikanukia samli. Nikakimbia nayo, nikavuka daraja la magogo, nikashuka ng'ambo ya mfereji hatua kama kumi na tano mpaka kwenye mdomo wa kijito cha Bibi, nikaichomeka kwenye tuta kwa nguvu zangu zote. Nikachuchumaa kusubiri maji yaje.

Maji hayakuja. Yalipita mbele yangu kwenye mfereji mkubwa, ya kahawia, yanakwenda kasi kwa wenzetu. Nilikuwa na mafua wiki ile, na mbio zile zilinichokoza kifua. Nikakohoa. Mara moja tu, halafu nikaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu nilikuwa nimemwona Babu.

Alikuwa anakuja kwenye njia ya darajani, upande wa pili, mikono mitupu. Alitembea polepole, kichwa juu. Niliposikia kikohozi changu mwenyewe kinatoka, Babu naye akasimama. Akageuza uso wake kunielekea. Akatabasamu. Kisha akaiacha njia ya darajani, akaanza kuja moja kwa moja pale nilipokuwa.

Mpaka leo nikifumba macho ninauona ule uso. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Nilijua nimekamatwa. Nikajikunyata, nikashikilia pumzi, nikamwomba Mungu Babu asinichape sana. Alikatisha majani, hatua kwa hatua, tabasamu halijaondoka, akafika kwenye ukingo wa mfereji, na hakusimama. Aliinua mguu, akaukanyagisha hewani.

Hakupiga kelele. Nilisikia kishindo cha maji, nikaona mkono mmoja, kisha shati lake limejaa hewa kama puto, kisha hakuna kitu. Mimi nilikuwa palepale nimeziba mdomo. Kilichonishtua zaidi, na kilichonifanya nisitoe sauti hata wakati ule, ni kwamba alikuwa ameyaona yale maji. Ndivyo nilivyoamini. Babu yangu ameyaona maji, akatembea akaingia, huku ananichekea.

Aliyepiga kelele ni Mama Subi, jirani yetu, aliyekuwa anakuja na jembe begani kwa ajili ya zamu yake. Alitupa jembe akaruka ndani na kanga zake zote. Maji yalimfika kifuani. Yalikuwa yamemsukuma Babu mpaka kwenye ubao wa kuzuia takataka, na hapo ndipo Mama Subi alipomkuta amenasa, uso chini. Walikuja wanawake wengine watatu waliokuwa wanapandikiza. Walimvuta wakamlaza kwenye tuta, wakamgeuza ubavu, wakampiga mgongoni. Matope yakamtoka puani. Mkono wake wa kushoto ulikaa vibaya, umeelekea mahali ambapo mkono hauelekei.

Akakohoa. Akafumbua macho. Mama Subi alikuwa amemwinamia, uso kwa uso, maji yanamdondoka usoni. Babu akauliza, "Nani huyu?"

Nilimwona Mama Subi akitikisa kiganja mbele ya macho ya Babu, kushoto, kulia. Akatikisa tena, karibu zaidi, mpaka vidole vikakaribia kugusa kope. Macho hayakucheza.

"Jamani," akasema kwa sauti ndogo. "Mzee haoni."

Bibi alifika akikimbia, miguu peku. Hakuuliza kilichotokea. Alianguka magotini, akakishika kichwa cha Babu, akakiweka mapajani.

"Haoni!" Mama Subi alimwambia, safari hii kwa kelele. "Mama, tangu lini?"

Bibi alimfuta Babu matope usoni. "Huu msimu wa tatu."

"Misimu mitatu? Misimu mitatu tunagawiwa maji na mtu asiyeona, na wewe unajua?"

Wanawake wale walisimama wakitazamana na matope yao magotini. Mimi nilikuwa ng'ambo, nimeshikilia ile fimbo kwa mikono miwili, na hakuna aliyenitazama. Ndipo vigoda vilipokuja kichwani. Sahani. Vidole gumba kwenye nyusi zangu. Vilikuja kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilinipiga.

Baba alipata habari, akafika mchana kwa gari la jeshi, na magwanda yake, kifimbo kwapani. Babu alikuwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao, tunasubiri kumpeleka hospitali. Baba alisimama mlangoni, akampa shikamoo. Babu akaitikia, uso wake ukielekea ukutani kidogo, siyo mlangoni. Baba alikuwa ameshaambiwa njiani, lakini nadhani hakuamini. Alipiga magoti. Akatoa kifimbo kwapani, akakishika kwa ncha, akakipitisha mbele ya macho ya baba yake, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Shaba ilimeta kwa mwanga wa dirishani. Macho ya Babu yalibaki yalipokuwa.

Kifimbo kilimponyoka, kikabiringika sakafuni mpaka chini ya kabati. Hakukifuata. Aliinamisha kichwa kwenye mkeka, na mgongo wake, ule mgongo ulionyooka kama rula, ukaanza kutikisika. Sikuwahi kujua kwamba sajini meja anaweza kulia kwa sauti.

Baadaye aliosha uso, akarudi kuwa baba. Akatuita wote sebuleni. "Fimbo ya mzee ilikuwa wapi? Nani aliitoa mlangoni?"

Nilifungua mdomo.

"Niliisahau mwenyewe," Babu akasema kutoka mkekani. "Nilitoka nikaisahau. Uzee."

"Baba, wewe huwezi kuisahau ile fimbo."

"Nimesema niliisahau. Utabishana na mimi?"

Baba hakubishana. Nikafunga mdomo wangu, na kwa miezi mingi sikuufungua tena kwa jambo hilo.

Wiki iliyofuata watu wa mfereji walifanya mkutano. Nilikwenda na Bibi, nikakaa nyuma yake. Wengine walisema wamedanganywa, waliosota na mavuno mabaya walitaka kujua kama ni kwa sababu hiyo. Mama Subi ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote asubuhi ile ya mferejini, kwa hiyo aliposimama kila mtu alitegemea moto.

"Nimekaa nimefikiri usiku na mchana," akasema. "Nimetafuta zamu moja tu ambayo mzee alinipunja. Sijaipata. Mwenye nayo aseme."

Hakuna aliyesema. Mtu mmoja akaeleza kwamba aliwahi kumwona Babu akipapasa zile alama kwenye fimbo ndani ya maji, akadhani ni mazoea tu. Kumbe alikuwa anasoma kina kwa vidole, na nguvu ya maji kwa jinsi yalivyousukuma mti mkononi mwake. Hata hivyo waliamua kuweka milango yenye makufuli kwenye vijito na kugawa kwa saa, na hawakumkosea heshima. Walimwachia fimbo yake.

Miche ya Bibi ilikufa yote. Mama alijifungua salama, mtoto wa kiume, na Babu na Bibi wakahamia kwetu Soweto ili Babu awe karibu na hospitali. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba angekuja mwanzo, badala ya kuficha, pengine wangeokoa jicho moja. Bibi alipoambiwa hivyo alitoka nje akakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka jioni.

Mimi niliacha kula vizuri. Nilimkwepa Babu ndani ya nyumba ambayo haina mahali pa kukwepana. Mama alidhani ni wivu wa mtoto mchanga. Siku moja mchana, wengine wamekwenda kliniki, Babu alikuwa amekaa chini ya ukuta anaota jua. Nilipita nikinyata.

"Tumaini."

"Abee, Babu."

"Njoo ukae."

Nilikaa. Na kabla hajasema kitu kingine, yote yalinitoka. Kwamba nilichukua fimbo. Kwamba nilitaka Bibi apate maji. Kwamba nilikuwa pale ng'ambo, nimemwona anakuja, na sikusema kitu. Nililia mpaka kamasi zikanifika kidevuni.

Alisubiri nimalize. "Najua," akasema. "Nilikusikia ukikohoa."

Sikuelewa.

"Nilitoka, fimbo hakuna. Nikasema nitakwenda hivyo hivyo, watu wananisubiri, nitawaambia nini? Nikawa nahesabu hatua, naogopa sana, mjukuu wangu. Halafu nikakusikia. Nikasema, ah, Tumaini huyo, amesimama darajani ananisubiri. Nikafuata kikohozi chako."

Lile tabasamu. Halikuwa la kunikamata. Lilikuwa la mtu aliyepotea ambaye amesikia sauti ya mtu wake.

"Kwa nini hukumwambia baba?" nikauliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba mtoto hakujua kitu ambacho mimi mwenyewe nilimficha?" Akapapasa hewani mpaka akapata kichwa changu. "Wewe uliziba mdomo asubuhi moja. Mimi niliziba misimu mitatu. Na bibi yako nikamzibisha."

Tulikaa hivyo. Kuku wa jirani walikuwa wanaparura chini ya mparachichi. Sikumbuki kama nilijisikia nafuu. Nakumbuka mkono wake haukutoka kichwani pangu.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mama niwe mimi wa kumpeleka kanisani. Njia yetu ilikuwa na mitaro ya maji ya mvua, mawe, na kifusi cha mtu anayejenga. Nilimshika mkono wa kulia, tukaanza. Nilikuwa nasema kila kitu ninachokiona, kwa sauti kubwa, mpaka watu wakageuka kututazama. Jiwe, Babu. Tope, pita huku. Mwenye baiskeli anakuja. Bibi, aliyekuwa nyuma yetu, akaniambia nisipige kelele hivyo, barabara nzima inasikia.

"Mwache," Babu akasema.

Tukafika kwenye mtaro mpana kuliko yote, ule ambao hata mimi niliuvuka kwa kuruka. Nilikaza mkono wake. "Mtaro, Ba—" nikasema, na kabla sijamaliza kumwita alikuwa ameshainua mguu, akaruka, tukatua ng'ambo pamoja.